Kutembelea makumbusho ya utamaduni Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wageni wanayarudia rudia wakija kusini, wengine wakiwa bado Dar wanapanga safari, wengine wakiwa tayari stendi ya Mtwara na begi mgongoni. Tumeyapanga kuanzia ya kawaida hadi yale magumu, na pale jibu lilipo sehemu nyingine tumekuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Makumbusho ya utamaduni ndo nini hasa? Si ni sawa na magofu?

Hapana, ni vitu viwili. Magofu ni kama Kilwa Kisiwani na Songo Mnara huko mkoa wa Lindi, ambako unaenda kuona kuta, misikiti na makaburi ya mji uliokuwa tajiri karne nyingi zilizopita, hadi msafiri maarufu Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331, na UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Makumbusho ya utamaduni yanahusu maisha ya watu wa kawaida: mtego wa samaki, kinu na mchi, ngoma, ungo, vinyago, nguo za mwali, dawa, vyungu, namna nyumba inavyojengwa kwa miti na udongo.

Tofauti kubwa ni hii, na ndo sababu ya ukurasa huu kuwa mrefu. Magofu ya Kilwa watu wake wameshaondoka zamani, lakini kile kinyago unachokiona kwenye kabati la kioo inawezekana mwenzake anachezwa kijiji cha jirani mwezi huu huu, na mzee anayekueleza habari zake aliwahi kukimbizwa nacho akiwa mtoto. Ukilielewa hilo basi adabu nyingine zote zinakuja zenyewe.

Makabila gani yako huku?

Mtwara wanaotajwa zaidi ni Wamakonde, Wamakua na Wayao, na kutoka kwenye majina hayo matatu ndo likapatikana jina MaKuYa la tamasha la ngoma za asili la Mtwara. Ukivuka kwenda Lindi unakutana na Wamwera, Wamachinga, na ukisogea upande wa Kilwa na Liwale kuna Wamatumbi na Wangindo. Pwani yote wamechanganyika na Waswahili wa miji ya zamani kama Mikindani, Lindi na Kilwa Kivinje.

Kitu kimoja kinachowashangaza wageni kutoka mikoa mingine: makabila mengi ya huku kwa asili yanahesabu ukoo upande wa mama. Mjomba ana nguvu sana. Kwa hiyo ukiona kwenye maelezo ya picha au ya kifaa wanamtaja mjomba kila mahali na baba hatajwi, usidhani wamekosea.

Nikitaka kuona haya mambo niende wapi?

Usitegemee jengo moja kubwa lenye kila kitu kama Makumbusho ya Taifa Dar au kile Kijiji cha Makumbusho. Kusini vitu vimetawanyika, na mimi naona hiyo ni raha yake. Mtwara mjini kuna vituo vya sanaa na wachongaji. Mikindani, kama kilomita 10 tu kutoka Mtwara mjini, mji wenyewe ni makumbusho: milango ya kuchonga, nyumba za mawe, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo lilikarabatiwa likawa hoteli. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, huko ndo nyumbani kwa vinyago, na ukiwa pale nenda Shimo la Mungu uangalie bonde la Ruvuma linavyoshuka, utaelewa kwa nini watu walipanda juu huko kujificha enzi za kukamatwa watumwa.

Kilwa unapitia Kilwa Masoko, unakata kibali kwanza ofisini ndo unapanda boti, usipande boti ya mtu aliyekwambia kibali utalipia ukifika. Na kama unahitaji habari za vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907, vita ilianzia Umatumbini huku huku Kilwa, ila makumbusho yake makubwa yako Songea.

Nafikaje?

Basi kutoka Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560, unapita daraja la Mkapa pale Rufiji, Somanga, Nangurukuru (hapa ndo unashuka kama unaenda Kilwa Masoko, zinabaki kama kilomita 30), halafu Lindi, halafu Mtwara. Lindi na Mtwara zimepishana kilomita mia na kidogo. Ndege pia inatua Mtwara. Mikindani unapanda daladala au bajaji tu. Newala ni barabara ya Mtwara-Newala-Masasi, ambayo yote ni kilomita 210, ondoka asubuhi.

Msimu gani mzuri?

Juni hadi Oktoba. Mvua zimekatika, mavuno yameingia, shule zinafunga katikati, na ndo kipindi ambacho ngoma zinasikika vijijini kwa sababu watoto wanaingizwa jandoni na kutolewa. Oktoba mpaka Desemba ni msimu wa korosho, hela ipo, mji umechangamka lakini watu wako bize kweli, yule mzee uliyeahidiwa atakueleza habari za ngoma anaweza akawa shambani anaokota.

Wakati wa masika uliza hali ya barabara kabla hujakata tiketi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyopita mvua ilikata barabara maeneo ya Somanga na magari yalikwama pande zote mbili.

Kiingilio kinalipwaje?

Sehemu za serikali raia analipa kidogo kuliko mgeni wa nje kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA. Vituo vidogo uliza mlangoni, na beba noti ndogo ndogo maana chenji ni shida. Mwongozaji hela yake ni mbali na kiingilio, mkubaliane mapema, na akikueleza vizuri muongezee ya soda.

## Adabu ukiwa ndani

Nivae nini?

Nguo ya heshima inayofunika mabega na magoti. Pwani ya kusini Waislamu ni wengi na nyumba nyingi za zamani ziko jirani na misikiti. Dada akitembea na khanga moja kwenye begi anakuwa ameshamaliza, anajifunga pale inapohitajika.

Naanzaje kuongea na wazee?

Shikamoo kwanza, halafu habari za hapa, habari za nyumbani, za shamba, umejibiwa zote ndo unasema shida yako. Mzee wa kiume ni babu au mzee, wa kike ni bibi au mama, usimwite mtu kwa jina lake hata kama mwongozaji amekutajia. Wageni wengi wa mjini wanaruka hapa, wanaingia na swali mkononi, halafu wanalalamika kwamba wazee wa huku ni wagumu kuongea. Sio wagumu hata kidogo, ila salamu haijaisha na wewe umeshatoa simu unarekodi.

Naruhusiwa kupiga picha?

Jengo, mlango, vyungu, zana za shamba, kwa kawaida ndiyo ukiomba. Watu, omba kila mmoja peke yake, ruhusa ya mwenyekiti wa kikundi sio ruhusa ya yule bibi aliyekaa pembeni. Vitu vya jando na unyago, uliza kwanza na ukiambiwa hapana iwe hapana kweli, usipige kwa kuibia halafu ukarusha kwenye status. Sababu iko kwenye swali linalofuata.

Kwa nini mwongozaji aliniambia "hiki hakielezwi"? Nimelipa kiingilio.

Hili ndo swali linaloleta manung'uniko kuliko yote kwa hiyo tulieleze taratibu.

Jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana ni shule. Watoto wanawekwa mahali pao, wanafundishwa na ngariba, makungwi na wazee, kwa nyimbo, kwa mafumbo, kwa vinyago vidogo na michoro, namna ya kuwa mtu mzima: kuheshimu wazazi, kazi, ndoa, mwili. Mafundisho yale yana mwenyewe. Mwanaume haelezwi ya unyago, mwanamke haelezwi ya jando, na ambaye hajapita hapo haelezwi lolote hata akiwa na miaka hamsini.

Sasa fikiria kituo kidogo cha utamaduni. Wana wajibu wa kuonyesha, ndo kazi yao, lakini vitu vile walipewa na wazee kwa masharti. Wakieleza kila kitu kwa kila aliyelipa kiingilio basi kesho yake hakuna mzee atakayeleta kitu kingine pale, na yule kungwi aliyekubali kukaa na vijana wa kituo akawaimbia nyimbo hatarudi tena. Kwa hiyo ule ukimya ndo unaofanya kabati lisiwe tupu. Mimi binafsi namwamini zaidi mwongozaji anayesema "hapa naishia" kuliko yule anayemwaga kila kitu mpaka na vya kutunga ili mgeni afurahi.

Unaloweza kuuliza bila kumkera mtu: nani alikitengeneza, kwa mti gani, kinatumika kipindi gani, siku ya kuwatoa wali (watoto waliokuwa jandoni au unyagoni) inakuaje, chakula gani kinapikwa, wanavaa nini. Siku ya kutoka ni sherehe ya wazi, yenye khanga mpya na vigelegele, hiyo inaelezwa bila shida.

Naweza kuuliza habari za chale na ndonya?

Unaweza, ila angalia unauliza vipi. Wamakonde wa zamani walichanja chale usoni na mwilini, mistari ya pembe pembe iliyopakwa mkaa ikabaki na rangi, na wanawake walivaa ndonya, kipande cha pambo kilichotiwa kwenye tundu la mdomo wa juu. Desturi hizo zimekwisha kwa vijana, utaziona kwenye picha za zamani na kwenye vinyago, na mara chache sana kwa bibi mzee kabisa.

Wapo waliochekwa kwa alama hizo walipohamia mijini, walitaniwa kwenye mabasi na masokoni. Kwa hiyo ukimkuta bibi mwenye chale usimkazie macho na usianze na "iliuma?". Msalimie, kaa naye, akitaka atakwambia mwenyewe fundi alikuwa nani na alikuwa na umri gani, na wengi wakianza kusimulia wanasimulia kwa fahari maana ulikuwa urembo na ulikuwa ushujaa.

Niende na watoto?

Nenda nao. Waache washike vinavyoshikwa, kinu, ungo, ngoma ya mazoezi. Kama mtoto ni mwoga wa vinyago mtangulie wewe kuingia.

## Vinyago

Lipiko na kinyago cha dukani si kitu kimoja?

Hapana. Lipiko (wakiwa wengi ni mapiko) ni cha kuvaliwa ngomani, kwa hiyo kinachongwa kwa mti mwepesi, kinatobolewa ndani kichwa kiingie, na vingi vinabandikwa nywele za mtu kweli na nta ya nyuki. Upande wa Msumbiji vinavaliwa kama kofia ya kuingiza kichwa chote, upande wetu vingi ni vya usoni. Kuna na cha kifua na tumbo, umbo la mwanamke mjamzito, na anayekivaa na kucheza ni mwanaume. Aliyevaa hatajwi jina, hata kama kijiji kizima kimemjua kwa miguu yake.

Kinyago cha dukani, kile cheusi cha mpingo, ni kizito, ni cha kuweka sebuleni, na historia yake ni ya mjini zaidi. Wachongaji wengi walikuwa Wamakonde waliovuka Ruvuma kuja kutafuta kazi, wengine kwenye mashamba ya mkonge, wakaanza kuchonga kwa ajili ya soko. Ule mtindo wa watu waliopandana kama mnara unaitwa ujamaa, na mtindo wa shetani, wa viumbe wenye jicho moja na viungo vilivyopinda, unahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka ya 1950 Dar es Salaam. Ndo maana mgeni anayekuja Mtwara akitegemea kuona mabanda ya vinyago kama ya Mwenge, Dar, kila kona anashangaa. Soko kubwa liko Dar. Huku utakuta mchongaji mmoja mmoja chini ya mwembe, na ukikaa naye saa nzima ukaangalia tezo inavyotembea umepata zaidi ya duka zima.

Nitajuaje kama ni mpingo wa kweli?

Mpingo ni mzito mno, kipande chake kikitumbukizwa kwenye ndoo ya maji kinazama. Mti mwepesi uliopakwa rangi au dawa ya viatu utaujua kwa harufu na kwa kitambaa chenye maji, sugua chini ya kinyago mahali pasipoonekana. Mpingo wa kweli mara nyingi unabaki na sehemu ya rangi ya njano njano upande wa ganda, wachongaji wengine wanaiacha makusudi. Kinyago cha mti mwingine sio kibaya, ila kilipiwe bei yake.

Naweza kusafiri nacho nje ya nchi?

Kinyago kipya ulichonunua kwa mchongaji, ndiyo, omba risiti. Mpingo na ndugu zake wamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 2017, lakini bidhaa zilizokamilika ambazo mbao yake haizidi kilo 10 kwa mzigo zimesamehewa. Ukinunua kontena hiyo ni habari nyingine, nenda maliasili.

Kitu cha zamani, kilichotumika ngomani, hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kutoa vitu vya kale nchini bila kibali. Mtu akikufuata pembeni anakunong'oneza ana lipiko la babu yake bei poa, achana naye, ama kimeibiwa ama kimepakwa moshi wiki iliyopita.

Mbona naandikishwa jina kitabuni na begi linabaki mlangoni?

Kwa sababu wizi umeshatokea. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam iliibiwa vitu kadhaa, kimojawapo kinyago cha Kimakonde. Mwaka 1985 kikanunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Tanzania ilipojua kiko wapi yakaanza mazungumzo ya miaka mingi, kikarudishwa Mei 2010. Kinyago kimoja, miaka 26. Kituo kidogo cha kijijini hakina wanasheria wa kufuatilia hivyo, kikiibiwa kimeibiwa, kwa hiyo andika jina lako vizuri na usinune.

## Maswali ya pembeni

Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, nitamwona Lindi?

Hapana, yuko Berlin. Wajerumani walichimba Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi mjini, kuanzia 1909 hadi 1913, na mifupa zaidi ya tani 200 ilibebwa vichwani na watu wa huku kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa kazi pale alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye jina lake lingetakiwa kufundishwa shule zote za Lindi. Mifupa ya mjusi mkubwa imesimamishwa kwenye makumbusho kule, ina urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13. Swali la kurudishwa kwake limefika mpaka bungeni. Ukiwa Lindi waulize wazee habari za mizigo ile, hilo ndo linaloweza kuonekana huku.

Ni kweli vitu vingi vya Wamakonde viko Ujerumani?

Vingi tu. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka Masasi na Newala akikusanya vifaa, akarekodi nyimbo na kupiga filamu. Mwaka 1906, yaani Majimaji bado inaendelea. Ukiona kituo cha huku kina picha badala ya kitu chenyewe, mara nyingi ndo sababu.

Nimesikia Wamakonde wapo mpaka Kenya?

Wapo, hasa Kwale, wazee wao walienda kufanya kazi kwenye mashamba huko, wakaishi miaka mingi bila uraia mpaka walipotambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka 2017. Na Msumbiji ndo kwao kabisa, Ruvuma iko katikati tu. Kwa hiyo makumbusho ya Mtwara ikikuonyesha kitu cha Mueda, huko Msumbiji, haijapotea njia.

Nikialikwa ngomani kijijini niende?

Nenda, lakini upelekwe na mwenyeji, upite kwa mwenyekiti wa kijiji ujulikane, uchangie sherehe kama wanavyochangia wengine, na ukae ulipoonyeshwa. Picha ni kama tulivyosema juu. Sindimba, ile ngoma ya Wamakonde, ikikolea ukavutwa uwanjani, cheza.

Mimi kwetu ni huku ila nimekulia mjini. Nina vitu vya bibi nyumbani, nivipeleke makumbusho?

Swali zuri kuliko yote, na linaulizwa zaidi siku hizi wazee wanapoondoka.

Kwanza usikisafishe. Usikipake mafuta, kiwi wala vanishi, ule moshi na jasho ndo ushahidi kwamba kilitumika. Kifunge kwenye khanga kavu, weka mbali na mchwa na jua. Pili, andika leo leo: cha nani, kijiji gani, ukoo gani, alikipata kwa nani, kilitumika lini. Kitu kisicho na maelezo hata kikiwa kizuri vipi makumbusho inakipokea kwa masikitiko maana hakuna wa kukielezea. Rekodi sauti ya shangazi au mjomba akieleza, kwa lugha ya nyumbani, kutafsiri kutakuja baadaye.

Tatu, kama ni kitu cha unyago au jando usiamue peke yako. Rudi kwa mjomba na kwa wazee wa ukoo, waulize kama kinaruhusiwa kutoka na nani anaruhusiwa kukiona. Wakikubali, peleka kituoni kwa maandishi, sema ni zawadi au ni azima, na masharti yao yaandikwe humo humo, halafu nakala ibaki kwenu. Wakikataa, kirudishe kwa anayetakiwa kukitunza, na yale maelezo uliyorekodi baki nayo.